Vietnam Yangu ya Nakonde

Lipo swali moja ambalo mpaka leo sijaweza kujijibu, nami naliuliza mbele yenu kwa kuwa aibu yenyewe imekwisha kujulikana kuanzia Nanyala hadi mpakani na sina tena cha kuficha: siku ile nilipompa Ezekia cheti changu cha shahada akiingize kwenye mashine yake ya moto na kukivisha plastiki, nilikuwa nakikinga dhidi ya nani? Mvua haikuwapo, ulikuwa mwezi wa Agosti. Panya walikuwa wamepewa miaka kumi na saba ya kukitafuna kikiwa ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro, na kwa heshima yao hawakukigusa.

Ninyi mnaonijua mnafahamu kwamba mimi ni mtu wa kutafakari sana (hilo ndilo jina ninaloipa tabia hiyo, mke wangu ana jina lake), na kwa miaka kumi na saba nilitafakari huku nikifundisha hisabati katika shule moja ya sekondari ya binafsi, mpaka shule moja ya Vietnam iliponikubali kwa usaili wa simu, ambao niliufanya ndani ya stoo ya shule katikati ya magunia ya maharage ya wanafunzi, maana hapo peke yake ndipo mtandao uliposhika. Masharti yao yalikuwa mepesi kueleweka. Cheti cha shahada na cheti cha polisi cha kuonyesha kwamba sina kosa la jinai vipate muhuri wa uthibitisho wa wizara, kisha muhuri wa ubalozi wao, na viwafikie kabla ya Septemba kwisha, la sivyo nafasi angepewa anayefuata kwenye orodha. Shuleni kwangu nilikwisha kuaga na vipindi vyangu vilikwisha kugawiwa, kwa hiyo ile nafasi ya Vietnam ndiyo ilikuwa kazi pekee niliyokuwa nayo duniani.

Kijijini kwetu, nyuma kidogo ya Nanyala, mtu hasubiri apate ndipo aagwe. Ukitamka tu kwamba unakwenda, kamati imekaa. Na kiti cha kamati yangu alikikalia Bwana Nzowa, mtendaji wa kijiji kwa siku za kazi na mzee wa kanisa kwa siku ya Jumapili, mwanamume ambaye hajawahi kuona kipaza sauti akakiacha kipoe. Yeye ndiye aliyetoa wazo kwamba baada ya ibada na chakula cha kuniaga, cheti changu kipitishwe mkono kwa mkono, benchi kwa benchi, kila muumini akiguse na kukiombea safari njema. Watu wote waliona ni wazo la kiroho, mimi nikaona mafuta ya mbuzi. Naam, ndivyo akili yangu ya chuo kikuu ilivyofanya kazi: niliwafikiria watu wale waliokuwa wanakuja kuniombea, nikaona vidole vyao tu.

Ndipo nikaenda Tunduma kwa Ezekia, mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa nakala, mtu ambaye hajawahi kumwambia mteja kwamba huduma fulani haihitaji.

"Mwalimu, nikipige laminesheni," akasema akiwa amekwisha kuwasha mashine. "Ughaibuni wanapenda kitu kinachong'aa."

Mke wangu alikuwa pembeni yangu na mfuko wa vitunguu. "Kiache kilivyo, Baba Tumaini. Kimekaa miaka yote uchi na hakikuugua."

Nikamtazama kwa ile huruma ya mtu aliyesoma (sitasahau jinsi nilivyomtazama, naye pia hajasahau), nikamweleza habari za unyevu, za asidi iliyomo kwenye jasho la mkono na namna karatasi inavyozeeka. Ezekia akawa anaitikia kwa kichwa kana kwamba naye alisomea asidi. Cheti kikaingia upande mmoja wa mashine kikiwa karatasi na kutoka upande wa pili kikiwa kigumu, chenye joto, kinang'aa, na nikakiona kizuri kuliko siku nilipokabidhiwa na chuo.

Jumapili nikaagwa. Cheti kilipita benchi zote. Bibi mmoja alikibusu, wengine walikinusa, na Mama Bahati, kiongozi wa sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu, alijipepea nacho mara mbili tatu kabla ya kukipitisha. Mimi nilikaa mbele nikifuatilia safari yake kwa macho, nimeridhika kwamba hakuna alama ya kidole itakayobaki. Kwaya ikaimba wimbo wa kuniaga ambao besi yake naiongoza mimi mwenyewe, kwa hiyo nilijiaga kwa sauti yangu, na nikaurekodi kwenye simu na kuufanya mlio wa simu hiyo inapopigwa, unyenyekevu nao una mipaka yake. Mwisho wakanipa blanketi zito la rangi ya damu ya mzee, la kuzuia baridi ya Ulaya. Vietnam si Ulaya, na joto lake linaiacha Kyela mbali, jambo ambalo mimi peke yangu mle ndani nililijua. Nikapokea kwa mikono miwili na kushukuru kwa niaba ya ngozi yangu.

Jumatatu nikasafiri hadi Dodoma, Jumanne nikasimama kwenye dirisha la kuthibitishia nyaraka. Binti aliyekuwa pale alikiinua cheti kwenye mwanga, akakikwaruza kidogo kwa ukucha.

"Mwalimu, muhuri niugonge wapi?"

"Nyuma, kama kawaida."

"Nyuma ni plastiki."

Hapo mtu mwenye busara angesema ahsante na kuuliza la kufanya. Mimi nilitoa mhadhara. Nilimweleza yule binti juu ya uhifadhi wa nyaraka muhimu, nikamkumbusha kwamba cheti ni halali na jina langu limo, nikagusia hata wajibu wa mtumishi wa umma kwa mwananchi, yote hayo kwa sauti ya mwalimu wa darasa la watu mia, mpaka foleni nzima ikanyamaza kusikiliza.

"Sijasema si halali," akajibu taratibu. "Nimesema wino haushiki." Akaugonga muhuri mdogo wa tarehe kwenye kona ya plastiki, akapitisha kidole, tarehe ikafutika yote na kuhamia kwenye kidole chake. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, bila nia mbaya, "Mimi nilidhani ni ile orodha ya vyakula ya hotelini."

Binti akanieleza njia: chuo kinaweza kutoa nakala iliyothibitishwa, nayo wataigonga. Nikapiga simu chuoni, wakasema inawezekana ndani ya wiki moja, ila nilete barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji ninachoishi, yenye picha yangu na muhuri wa mtendaji juu ya picha hiyo, ili wajue anayeomba ni mimi. Mtendaji, yaani Nzowa. Nilipaswa kurudi, siku mbili baada ya kuagwa, nikasimame mbele ya mwenyekiti wa kamati yangu na kumwomba aandike kwamba ananifahamu na kwamba ninaishi pale.

Jambo lilikuwa la siku moja. Ningelifanya Jumatano na Alhamisi ningekuwa chuoni. Badala yake nilimpigia mke wangu nikamwambia mihuri imepatikana yote na ndege ni Alhamisi.

Hiyo Alhamisi nilikuwa ndani ya basi la Tunduma. Barabara ni moja, wala haijali hadhi ya mtu, na basi lilisimama Nanyala kushusha abiria, akina mama wa kwetu wakazunguka madirisha na ndizi na karanga za kuchemsha huku mimi nikiwa nimejifunika blanketi la kanisa kuanzia kichwani, nikitoa jasho la kweli la Vietnam. Jirani yangu wa kiti aliwaambia wauzaji, "Mwacheni, huyu ni mgonjwa." Nikasikia sauti ninayoifahamu ikisema, "Pole yake, Mungu amponye," na gari likaondoka.

Nilivuka mpaka nikaenda kwa mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu, watu wa Ndalambo hao, aliyeolewa Nakonde, upande wa Zambia, tangu sijaanza shule na sasa ana duka la nafaka hatua chache kutoka kwenye kizuizi cha mpaka. Ukisimama mlangoni kwake unayaona mabati ya Tunduma. Alinipokea, akanipa chumba, akalichukua blanketi akafunikia magunia yake ya karanga, na kila asubuhi aliniuliza, "Mwana wa dada, leo Wavietnamu wanakula nini?" Ukimjibu, umekwisha. Usipomjibu, anawauliza wateja.

Jumapili, baada ya saa ambazo nilijua ibada imekwisha, nikampigia mke wangu kwa mtandao. Nikamweleza juu ya majengo marefu na pikipiki nyingi, na alinisikiliza kwa upole ambao ulipaswa kunitisha. Alisema wameniombea na Bwana Nzowa ameombea hata rubani. Mara akaingia mteja, mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akasalimia kutoka mlangoni, "Mulishani, bamayo!" na mama mdogo naye, kwa makusudi ambayo nitayaamini mpaka nife, akamjibu kwa Kibemba kirefu chenye bei ya karanga ndani yake.

Mke wangu akaniita.

"Baba Tumaini."

"Naam."

"Huko wanaongea Kibemba?"

Nikasema kuna Wazambia wengi ughaibuni. Nilisema hivyo, mtu mwenye shahada, kwa mwanamke aliyezaliwa Tunduma na kukulia kwenye kelele za soko lile lile nililokuwa nimelipa mgongo.

"Sitawaambia watu," akasema. "Lakini leo niliposema Amina nilikuwa sijui. Jumapili ijayo wakikuombea tena nitakuwa najua, na hiyo Amina sitaisema. Wakiniuliza kwa nini nimefunga mdomo, utakuja kuwajibu mwenyewe." Akakata.

Mngedhani hapo nilivuka. Sikuvuka, nilimtumia Ezekia ujumbe. Yeye alikuwa na dawa tayari kabla sijamaliza kueleza ugonjwa: nile kiapo kwamba cheti kimepotea. Angenichapia maelezo, ningeapa mbele ya wakili, ningepata ripoti ya upotevu polisi, na kwa hayo, alisema, chuo kingenipa kingine bila barua ya kijiji wala kuonana na mtu yeyote wa kwetu. "Na hicho cha plastiki?" nikauliza. "Hicho unachoma," akasema, "au unaanikia dagaa." Akanipa Jumamosi niende kuweka sahihi. Nilitafakari siku tano. Nataka mwelewe kwamba sikuwa nikitafakari kama ni haki au si haki. Nilikuwa nikipima ni kipi kinaniuma zaidi, kuapa uongo mbele ya Mungu au kusema kweli mbele ya Nzowa, na kila nilipopima, Nzowa alikuwa mzito.

Jumamosi saa nne asubuhi nikavuka kuja Tunduma, nimevaa kofia ya marehemu mume wa mama mdogo na miwani ya jua. Njia imejaa watu wa mikokoteni, wabadilisha fedha wamekaa kwenye viti vyao na mabunda ya kwacha, malori yamejipanga hadi macho yanachoka. Na kutoka upande wa Tunduma, wakija kununua vitenge, wakaja Mama Bahati na mwenzake wa sauti ya pili. Tulikutana uso kwa uso katikati ya mikokoteni miwili, mahali ambapo mtu hawezi kugeuka.

"Mwalimu?" akasema Mama Bahati.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana sijawahi kukisema chote. Niliinamisha kichwa, nikagonga viganja vyangu taratibu kwa heshima ya Kizambia, nikasema kwa sauti nyembamba isiyo yangu, "Natotela, bamayo," yaani nilimshukuru, sijui kwa lipi, kisha nikapita. Mwongoza besi nimepita kwa sauti ya kitoto. Nyuma yangu nikasikia mwenzake akisema, "Si yeye, huyo ni wa ng'ambo," na moyo wangu ukashuka mahali pake, nikatembea hatua sita, labda saba.

Mama Bahati hakubishana naye. Alitoa simu tu, akanipigia.

Ndani ya mfuko wa suruali yangu kwaya nzima ikaanza kuimba. Walianza wao, sauti ya kwanza, Mama Bahati mwenyewe akiwa mbele, kisha ya pili, halafu, kabla sijaipata ile simu kwenye mfuko uliokuwa umebana kuliko siku zote, nikaingia mimi na besi yangu, nzito, yenye kujiamini, nikiwaaga ndugu zangu kwa kuwa ninakwenda mbali. Wabadilisha fedha wakainua vichwa. Mtu wa mkokoteni akaushusha ili acheke vizuri. Nilipofanikiwa kuizima, kofia ilikuwa chini na miwani imening'inia sikio moja.

Mama Bahati alikuja akaiokota kofia, akaipangusa vumbi.

"Shikamoo, Mwalimu wa Vietnam."

Nikaitika. Ningefanya nini?

"Kumbe ni karibu hivi. Tungejua tungekuwa tunakuletea mboga."

Mwenzake alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Lakini Mama Bahati hakucheka sana. Alinipa kofia, akanitazama kama anavyomtazama mwanakwaya aliyekosa noti wiki ya tatu mfululizo. "Kesho zamu ya kuitikia maombi ya wasafiri ni yangu na kwaya," akasema. "Mwalimu, sisi tukamwambie Mungu uko wapi? Maana yeye anakuona, wanaodanganywa ni sisi tu." Wakaenda zao kwenye vitenge, na hawakugeuka hata mara moja kunitazama, nami nilijua kwamba wangegeuka ingekuwa nafuu.

Kibanda cha Ezekia nilikiona kutoka pale niliposimama. Alikuwa mlangoni, ameshika karatasi, ananipungia. Kiapo changu kilikuwa kimekwisha kuchapwa. Nilimtazama muda mrefu kidogo, nikakumbuka mafuta ya mbuzi, asidi, jasho la mikono, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kutafakari maisha yangu nikachoka na tafakari. Niligeuka nikarudi Nakonde.

"Leo Wavietnamu wanakula nini?" akauliza mama mdogo.

"Wanafungasha," nikasema. "Naomba blanketi langu."

Alilikung'uta maganda ya karanga mwenyewe, akalikunja vizuri kuliko lilivyokunjwa siku nilipopewa, na hakuniuliza tena chochote, jambo ambalo kwake ni sawa na kumbatio.

Asubuhi iliyofuata nilivuka mpaka bila kofia wala miwani, nikiburuta sanduku langu la magurudumu juu ya changarawe kwa kelele ambayo ilitosha kuamsha wilaya, nikapanda gari la kwanza. Nanyala nilishukia upande wa mlango, mbele ya wauza ndizi wote, nikawasalimia mmoja mmoja kwa majina. Nilipofika kanisani walikuwa wamefikia maombi. Watu wote wamesimama, wamefumba macho, na Bwana Nzowa akiwa kwenye kipaza sauti anamkabidhi Mungu ndugu yetu aliye mbali, ng'ambo ya bahari, kwenye baridi na upweke, akilindwa na blanketi la watu wake. Nikapita katikati ya mabenchi polepole, nikampita mke wangu kwenye benchi ya tatu karibu na dirisha, amefunga mdomo. Nililiweka sanduku chini, nikasimama mbele, blanketi mikononi, juu yake picha yangu ndogo ya kubandikwa kwenye barua na kile cheti kinachong'aa, na nikangoja amalize, na kumaliza kwa Nzowa mnakujua.

Alipofumbua macho, tulikuwa tunatazamana.

"Bwana asifiwe," nikasema. "Sijafika Vietnam. Cheti nilikiharibu mwenyewe kwa kukivisha plastiki, kwa sababu sikutaka mkiguse na mikono yenu. Nimewadanganya. Natokea Nakonde, na kesho naomba barua ya utambulisho."

Nzowa alinitazama, akalitazama blanketi, kisha akauliza, kipaza sauti kikiwa wazi:

"Nakonde ipi?"

"Hii hii," nikasema.

Na kutoka upande wa akina mama, benchi ya tatu karibu na dirisha, sauti moja peke yake, wala haikuwa kubwa, ikasema: "Amina."